Tupeane uzoefu: Windows, Mac au Linux, ni nini hasa kinachokufanya uishikilie kompyuta yako?

Mkaaji wa Kampemba

Ndugu wasomaji, naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo limeanza kutenganisha watu maofisini, vyuoni na hata ndani ya familia zetu hapa Lubumbashi, nalo ni ushabiki wa mifumo ya kompyuta. Mwenye Mac humwona mwenye Windows kuwa mtu asiyejua kitu kizuri. Mwenye Windows humjibu kwamba Mac ni pambo la wenye pesa. Naye kijana wa Linux, mfumo wa bure usiomilikiwa na kampuni moja, huwahesabu wote wawili kuwa watumwa wa makampuni ya kigeni. Maneno hayo nayasikia mara kwa mara, na yananisikitisha, kwa sababu anayeyasema kwa ukali mara nyingi hakuuchagua mfumo anaoutetea. Aliukuta kazini, au aliupokea kutoka kwa muyomba (mjomba) wake aliyerudi kutoka Afrika Kusini, au ndio pekee ambao fundi wa mtaa wake aliweza kuutengeneza.

Wengi hulinganisha mabishano haya na yale ya timu zetu za mpira, Mazembe na Lupopo, na kwa upande wa kelele ulinganisho unafaa. Lakini shabiki wa Lupopo haombwi hata siku moja kumalizia mchezo ulioanzwa na Mazembe, ilhali sisi wenye kompyuta tunapokezana kazi kila siku: hesabu iliyoanzishwa na mmoja ofisini humaliziwa na mwingine nyumbani, na ripoti iliyoandikwa Golf huchapishwa Katuba. Chuki ikiingia hapo, inayoharibika ni kazi ya watu.

Ushabiki wenyewe una umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwaka 1982 zilitoka Commodore 64 ya Marekani na ZX Spectrum ya Uingereza, na vijana wa Uingereza waligawanyika shuleni kwa kufuata ile ambayo wazazi wao waliweza kununua. Apple ikatoa Macintosh mwaka 1984, kisha mwaka 1985 zikaja Atari ST na Amiga ya Commodore, na kila kundi likadai kuwa mashine yake ndiyo pekee yenye maana. Hata hivyo, hizo tatu za mwisho zote ziliendeshwa na prosesa ya aina moja, Motorola 68000. Tena Jack Tramiel, mwanzilishi wa Commodore, aliiacha kampuni hiyo mwanzoni mwa 1984, na mwaka uleule akanunua sehemu ya Atari iliyotengeneza kompyuta za nyumbani. Wakati watumiaji wa Amiga na wa Atari ST walipokuwa wakitukanana, kiongozi mwenyewe alikuwa amekwisha kuvuka kambi. Ndiyo maana naamini kwamba uaminifu wa mtumiaji una mizizi nje ya ufundi, na ningependa tuitafute mizizi hiyo kwa mifano yetu wenyewe.

Tafadhali eleza yaliyokupata wewe: mashine ilikusaidia nini, ilikunyima nini, na ni nani aliyekuvuta upande huo. Matangazo ya biashara sote tumekwisha kuyasoma.

Karani wa Katuba

Asante kwa kulifungua jambo hili, ndugu yetu. Mimi ni mama mwenye duka la kuchapisha na kufotokopi, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoleta TFC zao, yaani kazi za kumalizia masomo, zichapishwe na kufungwa. Natumia Windows na Word, na nitaendelea kuzitumia, kwa sababu zaidi ya kitu kingine chochote mimi ni mtumishi wa faili za watu wengine. Mwanafunzi anapofika jioni, siku moja kabla ya kuwasilisha, hanitaki nimfundishe uhuru wa programu. Anataka jedwali lake la yaliyomo libaki pale alipoliacha.

Hapo ndipo nimeyaona madhara ya ushabiki kwa macho yangu. Kijana analeta kazi aliyoiandika kwa Pages ya Mac, na Word haiifungui kabisa. Mwingine ameandika kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word na Excel, akitumia fonti ambayo mimi sina; mistari inasogea, picha inaruka ukurasa, na namba za kurasa hazilingani tena na jedwali. Ukimweleza, anakujibu kwamba kompyuta yako ndiyo mbaya. Mimi humwambia kwa upole, kama mama: mwanangu, andika kwa mfumo unaoupenda, lakini unapokuja kwangu niletee PDF, kwa kuwa PDF hubeba sura ya ukurasa pamoja na fonti zake, nami nitaichapisha bila kuigusa. Waliolisikiliza shauri hilo hawajawahi kugombana nami.

Lakini naomba nitoe ushuhuda wa upande wa pili pia. Kulikuwa na kipindi ambapo flashi za wateja zilinijazia virusi vile vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato tu mahali pake. Mwanafunzi anaifungua flashi, anaona majina ya kazi zake, anabonyeza, na kwa kubonyeza huko anaihamishia virusi kompyuta yangu, nayo inaviambukiza kwa flashi ya mteja anayefuata. Fundi mmoja wa Kamalondo, ambaye natumaini atasoma hapa, alichukua kompyuta yangu ya zamani iliyokuwa imewekwa kando, akaweka Linux Mint, akaniagiza kwamba kila flashi ianzie hapo. Virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows haviwezi kujiendesha pale, na yale mafaili yaliyofichwa yanaonekana wazi, kwa sababu Linux haifuati alama ile ya kuficha. Nanakili kazi ya mteja, naacha uchafu, ndipo naipeleka kwenye Windows. Sikuwa na upendo wowote kwa Linux, wala sasa siijui vizuri, lakini mashine hiyo ya zamani imelinda jina la duka langu, na mtu akiidharau mbele yangu namjibu.

Mwanafunzi wa Kasapa

Mama Karani, mimi ni mmoja wa wale unaowasema, na PDF nimeikubali. Nyongeza yangu ni ndogo. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alinipa Mac yenye kibodi ya azerty, ile ya mpangilio wa Kifaransa, na kwa wiki nzima sikuweza kuandika anwani ya barua pepe bila kutafuta alama ya @, ambayo kwenye azerty ya Mac iko pembeni juu kushoto, wakati kwenye azerty ya kompyuta nyingine huipati bila Alt Gr pamoja na kitufe cha à. Sasa vidole vimezoea, na nikikaa kwenye kompyuta ya chuo najiona mzito. Nadhani sehemu kubwa ya kile tunachokiita mapenzi ya mfumo ni vidole vilivyozoea.

Mpiga video wa Himbi

Nawasalimu kutoka Goma. Ninapiga na kuhariri video za arusi na za mashirika, na mimi ni mtu wa Mac kwa moyo wote. Sababu yangu ya kwanza ni umeme. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mwenye kompyuta ya mezani anapoteza alichofanya au anakimbilia jenereta. Tangu Apple ilipotoa prosesa yake ya M1, Novemba 2020, nimefanya kazi usiku mzima kwa betri peke yake, feni haisikiki kwa kuwa MacBook Air yangu haina feni, na video imetoka kwa wakati. Sababu ya pili ni Final Cut Pro, programu ya Apple ya kuhariri video, ambayo haipatikani kwa Windows. Mtu akiniuliza kwa nini nililipa pesa nyingi hivyo, namweleza kwamba nililipia usiku ambao sikuupoteza.

Pamoja na hayo, nimejifunza kwamba uaminifu huo haumpi mteja chochote. Mteja aliniletea diski yake ya nje nimnakilie arusi nzima, nayo ilikuwa imeformatiwa kwa NTFS, mpangilio wa Windows. Mac huisoma NTFS lakini, ikiwa haijaongezewa programu nyingine, haiandiki juu yake. Kwa FAT32 tungeweza kuandika, ila mpangilio huo haupokei faili moja iliyofikia GB 4, na filamu ya arusi hupita hapo bila shida. Familia ilikuwa imekaa inangoja, na mjomba wa bwana arusi akaanza kueleza kwa sauti kubwa kwamba ndiyo kasoro ya kuchukua watu wa Mac. Suluhisho lilikuwa rahisi: tulihamisha kwanza vilivyokuwemo, tukaformati diski upya kwa exFAT, ambayo Mac na Windows zote mbili huisoma na kuiandika, na hata Linux za siku hizi. Sasa kila mkataba wangu unasema diski iwe exFAT.

Kuna mhariri mmoja wa Bukavu, mtu wa Windows kamili, ambaye kwa muda mrefu tulirushiana maneno. Tulipopewa kazi moja ya pamoja tulilazimika kukubaliana: exFAT kwa diski, Premiere kwa mradi wa kuhariri, kwa kuwa programu hiyo inaendeshwa pande zote mbili, na majina ya mafaili yasiyo na alama za ajabu. Kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, na leo akipata kazi nyingi ananiletea mimi.

Wenzangu wa Mac wanaosahau historia nawakumbusha jambo moja. Agosti 1997, huko Boston, Steve Jobs alitangaza kwamba Microsoft itawekeza dola milioni 150 katika Apple, ambayo wakati huo ilikuwa katika hali mbaya ya fedha. Uso wa Bill Gates ulipotokea kwenye skrini kubwa, mashabiki wa Apple walizomea. Jobs aliwaeleza siku hiyohiyo kwamba ni lazima waache kufikiri kuwa ili Apple ishinde, Microsoft haina budi kushindwa. Waliozomea walikuwa watu wa dhati, wenye upendo wa kweli, lakini walikuwa wanazomea msaada.

Mwanajiolojia wa Bel-Air

Nimesoma kwa heshima, lakini katika kazi yangu mjadala huu haupo. Programu za kuchora akiba ya madini na kupanga mashimo ya mgodi, kama Surpac, zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. ArcGIS ya mezani, programu ya ramani, ni vilevile. Kijana anayeingia katika migodi ya Kolwezi au Likasi na Mac yake atapewa kompyuta ya kampuni siku ya kwanza, na Mac itabaki nyumbani. Katika fani yangu programu ndiyo inayoamua mfumo, na anayewahimiza wanafunzi wa jiolojia wanunue Mac kwa sababu ya uzuri wake anawapotosha.

Niongeze neno moja kuhusu QGIS, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa ramani za kawaida inatosha kabisa, na ningefurahi kuona vyuo vyetu vikiifundisha mapema, ili mwanafunzi asifungwe na leseni ambayo hataweza kuilipia akimaliza masomo.

Na kwa wanaoshindana kuhusu betri ya nani ni bora: kobalti iliyomo katika betri nyingi za kompyuta, za chapa hii na za chapa ile, kwa sehemu kubwa hutoka katika ardhi yetu, kwani Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Inatoka katika mashimo yaleyale, inapita mpaka wa Kasumbalesa katika malori yaleyale, kisha inaturudia ikiwa na nembo tofauti, nasi tunagombana juu ya nembo.

Mkaaji wa Kampemba

Mwanajiolojia, asante, mfano wako umeniongezea jambo ambalo sikuliweka katika swali langu, kwamba wengine wamefungwa na kazi wala si na mapenzi. Ila sikubaliani nawe kwamba mjadala haupo. Anayefungwa na kazi huanza taratibu kuamini kwamba kifungo chake ndicho kilicho bora kwa kila mtu, na maneno yako kuhusu wanaonunua kwa ajili ya uzuri yanakaribia hapo. Ningependa kusikia mafundi sasa, kwa sababu wao huziona mashine zote zikiwa zimefunguliwa.

Fundi wa Kamalondo

Mama Karani, nimekusoma, na nafurahi kwamba ile mashine bado inatumika.

Nimefungua kompyuta za kila aina, na ninachokiona ni kwamba watu wa Lubumbashi hupenda kile kinachoweza kutengenezwa. Kompyuta nyingi ninazozipokea ni za okazioni, zilizotumika katika ofisi za Ulaya kabla ya kufika hapa. ThinkPad au Latitude ya zamani inafunguka kwa bisibisi moja. Ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) inaongezwa, diski ya kuzunguka inatolewa na kuwekwa SSD isiyozunguka, kibodi inabadilishwa, na mwenye nayo anaondoka akisema imekuwa mpya. Mtu ambaye kompyuta yake imefufuliwa mara mbili hawezi kuisema vibaya. Kwenye MacBook za miaka ya karibuni, ramu imeunganishwa moja kwa moja na bodi, hivyo uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Namweleza mteja hivyo kabla hajanunua. Namweleza pia kwamba Mac nyingi za tangu mwaka 2018 zinaweza kubaki zimefungwa kwa akaunti ya mwenye zamani. Basi asitoe pesa kabla ya kuiona imefutwa kabisa na kuanza upya mbele yake hadi mwisho. Nimewaona watu wakileta mashine nzuri sana ambayo hakuna fundi anayeweza kuwafungulia.

Upande wa Windows tuna suala letu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kuanzia kizazi cha nane. Nyingi za mashine za okazioni ninazozifahamu ziko chini ya hapo, ingawa bado zina nguvu. Kwa hizo napendekeza Linux, na hapo ndipo nilipokutana na uaminifu wa kweli.

Kuna mzee mmoja, mhasibu aliyestaafu, ambaye namheshimu sana. Nilimwonyesha Linux kwenye kompyuta yake, intaneti ikafanya kazi, printa ikafanya kazi, hesabu zake zikafunguka katika LibreOffice. Aliitumia kwa siku kadhaa, kisha akairudisha na kuniambia: “Fundi, hii ni nzuri, lakini mikono yangu haiko nyumbani.” Mwanzoni nilitaka kubishana naye, nikamweleza usalama na bei. Kisha nikamtazama akifanya kazi katika Excel. Hagusi kipanya. Anaruka kutoka seli hadi seli, anajumlisha, anagandisha mstari wa juu, anachuja, vyote kwa vitufe alivyojifunza katika maisha yake yote ya kazi. Kumwondolea Windows ni kumnyang'anya ujuzi wake na kumrudisha kuwa mwanafunzi katika umri ule. Nikamrudishia mfumo wake na kuutenga na intaneti, na flashi zake hupitia kwangu kwanza. Tangu siku hiyo simwiti mtu yeyote mshabiki kabla sijaona mikono yake inafanya nini.

Kijana wa Politekniki

Yaya Fundi, yule mzee nimemwelewa, lakini nasi vijana wa Linux tusikilizwe bila kuitwa watu wa mabishano. Mimi nilianza kwa CD ya Ubuntu, aina moja ya Linux, ambayo kaka yangu mkubwa aliipata kwa rafiki aliyesoma Zambia, enzi ambapo kampuni ya Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma CD hizo bure duniani kote, kabla ya kuacha mwaka 2011. Kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa na leseni bandia ya Windows, na kila ilipowashwa ilitutangazia hivyo. Baba yetu, ambaye ni mtu wa kanisa, hakupenda kabisa kutumia kitu cha wizi. Kwa nyumba yetu Linux iliingia kwa sababu ya dhamiri, na mapenzi yakafuata.

Shida kubwa ni mega za intaneti. Masasisho humaliza forfe (kifurushi cha intaneti) upesi, na hilo ni kweli kwa mifumo yote mitatu. Sisi tunakusanyika: mmoja anapakua vifurushi kwenye muunganisho mzuri, anavinakili kwenye diski, na wenzake wanasasisha kutoka hapo bila kutumia mega zao. Kushirikiana huku ndiko kulikonifunga na Linux kuliko programu yenyewe.

Mama wa likelemba, Ruashi

Naandika kwa mara ya kwanza. Likelemba yetu ya akina mama, yaani kikundi chetu cha kuchangishana pesa kwa zamu, ilimpa utunzaji wa daftari mwenzetu mmoja mwenye Mac, naye akaliandika katika Numbers, programu ya hesabu ya Apple. Tulipotaka kuhakiki michango, hakuna aliyeweza kulifungua, kwani wengine wote tuna Windows au simu tu. Tulipomwomba alibadilishe, alikasirika, akasema tununue mashine nzuri kama yake. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba anaficha kitu. Mimi namjua, ni mwaminifu, hakuficha chochote. Lakini jibu lake la kiburi limetufikisha karibu na kuvunja kikundi. Naomba msaada bila kumwaibisha.

Fundi wa Kamalondo

Mama, jambo hilo linatengenezeka leo hii, na yeye hahitaji kuiacha Mac yake. Aende kwenye menyu ya Fichier, achague Exporter vers, kisha Excel, na ahifadhi nakala hiyo kila baada ya kikao. Akague jumla za mwisho wa kila safu, kwa sababu fomula chache zinaweza kubadilika katika uhamishaji. Kwa wenye simu tu atoe pia PDF, kwa menyu ileile, na aitume katika kundi lenu ili kila mama aone jina lake na mchango wake.

Mama wa likelemba, Ruashi

Mungu akubariki, fundi. Nitamwendea nyumbani kabla ya kikao cha Jumapili, tuifanye nakala pamoja, na daftari litasomwa mbele ya wote likitoka mikononi mwake mwenyewe.